Kusomea tiba ya wanamichezo ukiwa Dodoma: anzia hapa kabla hujajaza fomu yoyote

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu haipoi. "Kaka, wale wanaoingia uwanjani na begi mchezaji akianguka wanasomea chuo gani?" "Nina PCB ya kuungaunga, watanichukua?" "Mdogo wangu kasoma HGL naye anaipenda hiyo kazi, afanyeje?" (PCB ni tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia; HGL ni Historia, Jiografia na Kiingereza.) Maswali ni yale yale kila mwaka, kwa hiyo jibu nimeliandika mara moja, refu. Kama huna muda, ruka mengine lakini usiruke hatua ya tatu. Hapo ndipo pesa za wazazi zinapoliwa.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Mtaalamu wa tiba ya wanamichezo huzuia majeraha kabla hayajatokea, hutoa huduma ya kwanza yakitokea, hukagua kilichoumia, humrudisha mchezaji kwenye hali yake kidogo kidogo, kisha hushauri lini arudi kucheza. Kocha wa viungo anajenga nguvu na pumzi. Mchua misuli anachua. Daktari wa timu anatibu na kuandika dawa. Hapa kwetu mara nyingi mtu mmoja anabebeshwa yote manne, na bado anatumwa maji. Ukiingia uijue hali hiyo.

Jambo la pili ni gumu kidogo kulimeza. Ukifungua kitabu cha udahili cha TCU, tume ya vyuo vikuu nchini, kutafuta shahada ya kwanza yenye jina "Athletic Training", jiandae kufunga kitabu mikono mitupu. Jina hilo ni la Marekani, ambako taaluma hii ilitambuliwa na chama cha madaktari cha nchi hiyo mwaka 1990. Na huko Marekani kwenyewe mlango wa shahada ya kwanza umefungwa: uamuzi ulitolewa mwaka 2015 kwamba taaluma iingiwe kwa shahada ya uzamili, na baada ya kuanza kwa msimu wa masomo wa Agosti–Septemba 2022 programu za shahada ya kwanza hazikuruhusiwa tena kupokea wanafunzi wapya wa kuwaandaa kwa mtihani wa leseni. Kwa hiyo swali lako halisi ni hili: nisome shahada gani ya kwanza, hapa au jirani, itakayonifikisha kwenye benchi la timu, na kama nitataka, kwenye uzamili huo baadaye?

Unachohitaji kabla hujaanza

- Matokeo ya kidato cha nne na cha sita, pamoja na namba zako za mtihani. Usiwe mtu wa kupigia shule simu dakika za mwisho.
- Cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Bila uhakiki huo maombi ya mkopo yanakwama.
- Namba ya NIDA, yako na ya mzazi au mlezi.
- Anwani ya barua pepe unayoikumbuka nywila yake, na namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako.
- Kitabu cha udahili cha TCU cha mwaka huu. Cha mwaka jana mpe mtu afungie maandazi, vigezo hubadilika.
- Daftari gumu la kurasa nyingi. Utaliona kazi yake hatua ya tano.
- Begi dogo: glovu, mkasi butu, bandeji za kuvutika, plasta, chachi, mifuko ya nailoni ya kuwekea barafu, tochi ndogo. Vyote unavipata kwenye maduka ya dawa ya mjini.
- Timu moja. Hata ya mtaani. Hata ya watoto.

Hilo la mwisho watu wanalipuuza, na ndilo lenye uzito kuliko yote.

Hatua ya 1: Kaa benchi mechi kadhaa kabla hujachagua kozi

Nenda Uwanja wa Jamhuri siku Dodoma Jiji inacheza, lakini usiangalie mpira. Mwangalie mtu wa begi. Tazama anakaa wapi, anaamka lini, anaongea nini na mwamuzi, dakika zile sabini ambazo hakuna aliyeumia anafanya nini. Kisha nenda kwenye ndondo ya mtaani, Chang'ombe au Nkuhungu, uone jambo lile lile likifanyika bila mtu wa begi kabisa: mchezaji kakanyagwa enka, wenzake wanamvuta mguu, mtu anammwagia maji ya kunywa, anaamka anachechemea, anarudi kucheza.

Ukiona hivyo ukasikia kuwashwa kwenda kusaidia, endelea. Ukijikuta unafuatilia goli, labda unachotaka ni ukocha, na hakuna ubaya.

Angalizo: wengi wanadhani kazi hii ni soka tu. Kanda ya kati na majirani zake ni nchi ya wakimbiaji. Alphonce Simbu, aliyechukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo Septemba 2025, ni mzaliwa wa Singida. John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa na goti lililofungwa bandeji, ni wa Mbulu, juu tu hapo. Wakimbiaji wanaumia kimya kimya: ugoko unauma wiki tatu, mtu anapaka dawa ya kuchua na kuendelea, kumbe mfupa unaanza kupasuka taratibu. Hao hawana benchi, hawana begi, na ukiwafuata huna mshindani.

Hatua ya 2: Pima tahasusi yako bila kujidanganya

Kwa vyuo vyetu, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. S haihesabiwi kama prinsipo, yaani ufaulu mkuu wa somo. Kozi za afya hudai prinsipo tatu, na kwa upande wetu ni Fizikia, Kemia na Baiolojia. Mfano: C ya Baiolojia, D ya Kemia na D ya Fizikia ni pointi 7. Ziweke kwenye karatasi, halafu fungua ukurasa wa chuo unachokitaka usome masharti ya kozi neno kwa neno. Kipo kigezo cha jumla ya pointi, na kipo cha daraja la chini kwa kila somo. Ukitimiza kimoja bila kingine hujatimiza.

PCB inakufungulia milango yote. CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) inafungua baadhi, kama kozi za elimu, lakini Fizikia itakudai kwenye fiziotherapia, ile tiba ya viungo kwa mazoezi. Tahasusi za sanaa zinafungua mlango wa elimu ya michezo peke yake, na hata huo usome masharti yake kwanza.

Kama uliishia kidato cha nne ukiwa na D za Baiolojia, Kemia na Fizikia, ipo njia ya stashahada ya fiziotherapia chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Ni ndefu, ila ukimaliza unaweza kupanda shahada, na wakati huo unakuwa umeshika wagonjwa halisi. Sidharau njia hii hata kidogo. Aliyepita stashahada anajua kufunga bandeji. Aliyetoka moja kwa moja kidato cha sita mara nyingi anajua kuichora.

Hatua ya 3: Chagua njia

Hapa taratibu.

*Fiziotherapia.* Inafundishwa kwa ngazi ya shahada KCMC, Moshi, na Muhimbili, Dar es Salaam. Ndiyo iliyo karibu zaidi na kazi unayoitaka: anatomia, ukaguzi wa viungo, mazoezi tiba, utengamao (kurudisha uwezo wa mwili) baada ya upasuaji. Inakupa pia ajira ya hospitali siku ambazo timu hailipi, na niseme ukweli, siku hizo zipo. Upungufu wake ni kwamba muda mwingi utakuwa wodini na kliniki, na wagonjwa wa kiharusi, watoto wenye mtindio wa ubongo na wazee wa mgongo. Uwanja utautafuta mwenyewe. Kwa mtu wa Dodoma, Moshi unaifikia kwa basi kupitia Kondoa na Babati, na Dar kwa treni ya SGR, kwa hiyo umbali usikutishe.

*Elimu ya viungo na sayansi ya michezo.* Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya elimu katika fani hii. Utajifunza fiziolojia ya mazoezi, mbinu za ufundishaji na usimamizi wa michezo, na utatoka mwalimu. Ukiwa mwalimu wa michezo, UMISSETA na UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za sekondari na msingi, zinakuwa uwanja wako. Lakini haikufanyi mhudumu wa afya. Mchezaji akipoteza fahamu, cheti hiki hakikupi ruhusa ya kumtibu zaidi ya huduma ya kwanza. Ijue mipaka yake kabla ya kuingia.

*Uuguzi au udaktari, ukibaki Dodoma.* UDOM ina shule za afya na Hospitali ya Benjamin Mkapa iko pale pale. St John's nayo inafundisha uuguzi. Kama nyumbani hawana uwezo wa kukupangishia chumba mji mwingine, muuguzi mwenye ujuzi wa uwanjani ni dhahabu kwa timu yoyote. Udaktari nao unafika, kwa kuzunguka sana.

*Nje ya nchi kwa shahada ya kwanza.* Kanada bado inafundisha tiba ya wanamichezo ngazi ya shahada ya kwanza: Concordia ya Montréal, Sheridan, Chuo Kikuu cha Winnipeg, Mount Royal ya Calgary. Afrika Kusini wana biokinetiki, masomo ya miaka minne yanayokuingiza kwenye daftari la baraza lao la taaluma za afya; mtu wa biokinetiki kazi yake kubwa ni mazoezi ya kurejesha mwili, dharura za uwanjani si fani yake kuu. Hapo jirani, Kenyatta kule Kenya ina masomo ya sayansi ya mazoezi na michezo. Kabla ya yote haya uliza TCU jinsi ya kutambuliwa kwa shahada ya nje, usisubiri kurudi nayo.

Ukiniuliza mimi: kama una PCB, soma fiziotherapia hapa nchini, jenga saa za uwanjani kila likizo, halafu uzamili wa nje ukitaka. Kwenda Marekani moja kwa moja kwa shahada ya kwanza kwa ajili ya fani hii sioni mantiki yake tena.

Angalizo, na hili ni kubwa. Wapo mawakala wanaokuja na vipeperushi vya shahada ya kwanza ya tiba ya wanamichezo Marekani, "miaka minne na leseni juu". Vipo vyuo vya huko vyenye shahada za maandalizi kwa jina linalofanana, na vingine vinaunganisha shahada ya kwanza na uzamili ndani ya miaka mitano. Ile ya maandalizi peke yake haikukalishi kwenye mtihani wa leseni. Muulize wakala swali moja: programu hii imepewa ithibati na CAATE, chombo cha Marekani kinachokagua programu za fani hii, na ni ya ngazi gani? Akianza kuzungukazunguka, chukua vyeti vyako uondoke.

Hatua ya 4: Omba, na uombe mkopo siku zile zile

Maombi unatuma kwa chuo moja kwa moja, kila chuo na mfumo wake na ada yake. TCU inasimamia madirisha ya udahili na vigezo. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, utathibitisha kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa. Usipothibitisha ndani ya muda, nafasi inapita.

Tatizo la kila mwaka: dirisha linafunguliwa vijana wengi wako JKT kwa mujibu wa sheria, wengine hapo hapo Makutupora, na simu haziko mikononi. Kabla ya kuingia kambini mwachie mtu unayemwamini nakala za vyeti na orodha ya kozi kwa mpangilio. Mwandikie kabisa: kwanza fiziotherapia, pili hiki, tatu hiki. Usimwambie "utaangalia itakayofaa". Ataangalia, na utajikuta kwenye kozi ya ardhi.

Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, unaombwa kwa mfumo wake tofauti. Kuchaguliwa chuo hakukuombei mkopo.

Hatua ya 5: Jenga saa za uwanjani

Hatua hii inaanza leo, haingoji chuo, na itaendelea miaka yote ya masomo. Nitakaa hapa muda mrefu kidogo.

Tafuta timu ya daraja la chini, ya wasichana, ya shule, au kundi la wakimbiaji wa alfajiri. Usianze na timu ya ligi kuu. Huko utashika makoni. Mfuate kocha kabla ya mazoezi, si baada ya kufungwa. Msalimie, jitambulishe na nyumbani kwenu, mwambie hivi: "Mwalimu, najiandaa kusomea tiba ya wanamichezo. Naomba niwe nakuja na begi la huduma ya kwanza na barafu. Sitamgusa mchezaji bila ruhusa yako." Makocha wengi watakubali kwa ajili ya barafu tu.

Barafu yenyewe usitafute ya dukani. Mtaani wapo kina mama wenye majokofu wanaouza barafu za kwenye mifuko. Weka oda jana yake, ibebe kwenye ndoo yenye mfuniko iliyozungushiwa khanga ya zamani. Umeme ukikatika asubuhi, maji ya mtungi na kitambaa chepesi vinasaidia kiasi.

Kabla ya kugusa mtu, chukua mafunzo ya huduma ya kwanza. Msalaba Mwekundu wana mafunzo hayo. Kisha jifunze mambo manne haya mpaka uyafanye ukiwa umeshtuka:

a) *Moyo uliosimama.* Mchezaji kaanguka peke yake, hakuguswa, hajibu, hapumui kawaida: chukulia ni moyo mpaka uthibitishe vingine. Kandamiza katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, mikandamizo 30 kwa pumzi 2. Mtu mwingine apige simu, wa tatu afungue geti. Zoea kugawa kazi kwa kumnyooshea mtu kidole. Ukipaza sauti "jamani piga simu" hakuna atakayepiga.

b) *Joto.* Dodoma jua lake kavu linadanganya kwa sababu jasho hukauka kabla hujaliona. Mkimbiaji anayepepesuka, anayeongea ovyo au kugombana na watu wakati mwili unawaka si mchovu wa kawaida. Joto la ndani likipita nyuzi 40 huku akili imevurugika, hiyo ni dharura ya kuua. Poza kwanza, safirisha baadaye. Mzamishe kwenye pipa au beseni kubwa la maji ya barafu mpaka shingoni, mtu akiwa amemshikilia. Huna pipa? Mashuka yaliyolowa maji ya barafu mwili mzima, yabadilishe kila yanapopata moto, na upepee. Usimnyweshe mtu aliyechanganyikiwa.

c) *Kichwa.* Akigonga kichwa kisha akawa kama haelewi, anasahau matokeo, anaona mawili mawili, anatapika au anayumba: anatoka, na leo harudi. Hata akisema yuko sawa. Hata ikiwa fainali. Ipo karatasi ya bure ya kutambua mtikisiko wa ubongo, CRT6 ya mwaka 2023, iliyotengenezwa ili hata asiye daktari aitumie. Ichapishe, iweke kwenye begi. Shingo ikiuma usimnyanyue.

d) *Enka.* Hili utaliona kila wiki. Kipo kipimo cha mikono kilichotengenezwa Ottawa miaka ya mwanzo ya 1990 kinachosaidia kuamua nani apigwe eksirei. Binya mfupa kwenye ukingo wa nyuma wa kila kifundo, sentimita 6 za mwisho mpaka nchani, pande zote mbili. Binya pia kinundu cha mfupa kilicho katikati ya ubavu wa nje wa mguu, kwenye shina la mfupa mrefu unaoelekea kidole kidogo, na ule wa katikati ya upinde kwa upande wa ndani. Maumivu ya mfupa kwenye sehemu mojawapo, au kushindwa kutembea hatua nne tangu alipoumia hadi sasa, ni safari ya hospitali. Visipokuwepo, kuna uwezekano mkubwa hakuna mfupa uliovunjika: mfunge, barafu kwa dakika 15 hadi 20 juu ya kitambaa, ainue mguu.

Sasa lile daftari. Kila tukio liandike: tarehe, umri wa mchezaji, alivyoumia, ulichoona, ulichofanya, alirudi lini. Usiandike jina, tumia herufi. Baada ya msimu mmoja utaona mambo ambayo kocha haoni, kwa mfano kwamba nyama za nyuma ya paja zinachanika zaidi kwenye kiwanja fulani kigumu, au kwenye wiki za mechi mbili. Hapo ndipo unapopata sauti. Mpe kocha programu ya kupasha mwili ya FIFA 11+, mazoezi 15 ya takriban dakika 20, haihitaji kifaa zaidi ya mpira na makoni, ifanyike angalau mara mbili kwa wiki. Kocha ataikataa mwanzoni kwa sababu inamlia muda. Mwonyeshe daftari.

Angalizo: usinyooshe kiungo kilichotoka. Usichome sindano ya maumivu, usigawe diklofenaki kama pipi. Usichue kwa nguvu paja lililogongwa siku hiyo hiyo. Unaongeza damu ndani. Na dawa ya kupuliza inayoleta ubaridi haijaponyesha kitu, imezima kelele tu.

Hatua ya 6: Ukishaingia chuoni

Anatomia isome kwa mikono, ukijipapasa mwenyewe na mwenzako wa chumba: kano hii inaanzia wapi, inavuta nini. Mwaka wa kwanza ndio unaoangusha watu wengi, na sababu kubwa ni kukariri picha.

Ukifika mafunzo kwa vitendo, omba zamu za mifupa na utengamao. Likizo rudi Dodoma, andika barua kwa idara ya fiziotherapia ya Benjamin Mkapa au ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile wenyeji tunayoiita General, uombe kujitolea. Barua ipite chuoni kwanza ipate muhuri. Asubuhi hospitali, jioni uwanjani.

Hatua ya 7: Kama unalenga uzamili wa Marekani

Fupi tu. Programu zenye ithibati zinadai uwe umesoma ngazi ya chuo Baiolojia, Kemia, Fizikia, Saikolojia, Anatomia na Fiziolojia. Fiziotherapia inagusa nyingi kati ya hizo, lakini Kemia na Fizikia vyuo vyetu mara nyingi huziachia kidato cha sita, na chuo cha kule kinaweza kukuambia uzirudie. Waandikie mapema, ukiwa mwaka wa pili, uulize. Tunza maelezo ya kila kozi uliyosoma, yale ya mada na saa, maana transkripti peke yake haitoshi. Masomo ni kama miaka miwili, kisha mtihani wa bodi yao ya BOC. Gharama ni kubwa na HESLB haikufuati huko, kwa hiyo tafuta chuo kinachotoa nafasi ya usaidizi kwa wanafunzi wa uzamili, na uliza kuhusu ada kabla hujalipia mtihani wa Kiingereza.

Mambo yakigoma

*Nina S ya Fizikia.* Njia mbili: rudia mtihani wa somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea, au shuka stashahada. Kurudia ni mwaka mmoja. Usichukue kozi usiyoitaka "kwa muda" ukitegemea kuhamia fiziotherapia. Uhamisho kuingia kozi za afya ni mgumu mno.

*Nimesoma HGL au HKL.* Fiziotherapia sahau, kwa sasa. Angalia elimu ya michezo, au Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba, ukapate msingi wa ukocha na utawala wa michezo. Mafunzo ya huduma ya kwanza hayaulizi tahasusi. Mtu aliyesoma sanaa akaijua huduma ya kwanza vizuri anafaa uwanjani kuliko mwenye shahada anayeogopa damu.

*Mkopo haukutoka au umetoka kidogo.* Dirisha la rufaa lipo. Mara nyingi kilichokosekana ni kiambatisho: cheti cha kifo cha mzazi, barua ya mtendaji, muhuri. Soma sababu waliyoandika kabla ya kulaumu.

*Wazee wanasema "umesoma sayansi yote hiyo ukawe mchua misuli?"* Usibishane sebuleni. Mpeleke baba au mama idara ya fiziotherapia siku ya kliniki, aone foleni ya watu wa mgongo na magoti. Wengi hujikuta wanaulizia matibabu yao wenyewe.

*Mimi ni binti na timu ni ya wanaume.* Anza na timu za wanawake na za shule. Huko kuna uhaba mkubwa, na kuna mambo ya hedhi, lishe na maumivu ya nyonga ambayo wachezaji hawatamwambia kaka. Ukienda timu ya wanaume, fanya ukaguzi mahali pa wazi, na pawepo mtu wa tatu. Hilo linawahusu pia wavulana wanaohudumia timu za wasichana, na kwa mkazo zaidi.

*Kocha kamrudisha mchezaji niliyemtoa.* Mwambie mara moja, kwa sauti ya chini, mbele ya nahodha. Asiposikia, mwambie mwamuzi. Andika kwenye daftari saa na ulichosema. Mechi ikiisha kaa na mchezaji, mtafute mtu wa nyumbani kwake umweleze dalili za kuangalia usiku: kutapika, maumivu ya kichwa yanayozidi, usingizi asioamka kwa urahisi. Ikijirudia kwa kocha huyo huyo, badilisha timu. Ndondo Dodoma haziishi.

*Sina timu kabisa, niko wilayani.* Bahi, Kongwa, Mpwapwa, popote ulipo kuna shule ya sekondari, na shule ina mwalimu wa michezo anayehangaika peke yake kila msimu wa UMISSETA. Nenda naye. Beba barafu kama ipo. Kama haipo, beba bandeji na ile karatasi ya kichwa, na uwe na namba ya simu ya mwenye gari anayelala karibu na kiwanja.